Maswali ya Wasomaji: Jenereta ya Kubeba, ya Nyumbani na ya Matembezini

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza kuhusu jenereta ndogo za petroli, kwa hiyo ukurasa huu wote tumewapa waandishi wa barua hizo. Neno moja la kutangulia: tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye Mto Rufiji kwa uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mwaka 2024, tatizo la kaya nyingi za Tanzania si tena mgao wa ratiba wa saa kumi na mbili, bali ni umeme kukatika kwa saa mbili, nne au usiku mmoja kwa sababu ya nguzo iliyoanguka, transfoma iliyoungua au matengenezo ya njia. Mnunuzi wa leo akumbuke hilo, kwa kuwa jenereta ya kuvusha jioni moja si ile ya kuendesha nyumba mwezi mzima.

Muuza duka mmoja anasema 3500, mwingine anasema 6500

*Naishi Kimara, Dar es Salaam, na nauza juisi na barafu nyumbani. Nina jokofu la kawaida, friza kubwa, televisheni, feni tatu, taa, na pampu ya maji ya hosipawa moja inayopandisha maji kwenye simtanki. Muuza duka mmoja wa Kariakoo ameniambia kuwa jenereta iliyoandikwa 3500 inanitosha kabisa. Mwingine, duka la tatu kutoka hapo, amesema nisipochukua ya 6500 nitaunguza vyombo vyangu, na bei yake ni karibu mara mbili. Nimsikilize nani?* (Mama Mjasiriamali, Kimara)

Mama yangu, usimsikilize yeyote kati yao kabla hujakaa na kalamu na karatasi. Kila chombo chenye mota au kompresa kina hesabu mbili: umeme kinaotumia kikishachanganya, na umeme kinaodai katika nukta chache za kuamka. Jokofu la kawaida hula kama wati 150 likiwa kazini, lakini kompresa yake inapoamka huweza kudai mara tatu hadi mara tano ya kiasi hicho, kisha ikatulia. Chombo kisicho na mota, kama vile taa, televisheni au chaja ya simu, hakina tabia hiyo.

Tupige hesabu ya nyumba yako kwa makadirio ya kawaida. Jokofu wati 150, friza 200, televisheni pamoja na king'amuzi 120, feni tatu 180, taa nane za LED 80. Jumla ni wati 730. Hali mbaya kuliko zote ni pale friza inapoamka wakati mengine yote yanafanya kazi, na hapo ongeza wati 800 hivi, ukafika karibu 1,530. Kwa hiyo jenereta inayoweza kutoa wati 2,000 mfululizo inaibeba nyumba yako bila kuhema, mradi unapoiwasha usiruhusu jokofu na friza kuamka kwa pamoja. Chomeka friza kwanza, subiri dakika moja au mbili hadi injini itulie, ndipo uchomeke jokofu.

Kinachovuruga hesabu ni pampu. Mota ya hosipawa moja huvuta kama wati 1,000 ikiwa inasukuma maji, na wakati wa kuamka hudai 3,000 au zaidi. Huyo muuzaji wa pili bila shaka ameijumlisha pampu na kila kitu kingine kana kwamba vyote vitaamka kwa wakati mmoja, na kwa hesabu hiyo 6500 inaonekana kuwa ya lazima. Lakini kwa nini upandishe maji wakati umeme umekatika? Simtanki lipo kwa kazi hiyo. Lijaze umeme ukiwepo. Ikitokea siku maji yameisha na umeme haupo, zima friza, jokofu na feni kwa dakika ishirini, pandisha maji, kisha urudishe vyombo kimoja kimoja. Ukikubali utaratibu huo, jenereta ya wati 2,500 hadi 2,800 za kudumu, inayoweza kuvuka 3,000 kwa nukta chache za kuamsha pampu, inakutosha, na mimi ndiyo ningenunua.

Nimesema wati za kudumu kwa makusudi. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi mara nyingi ni jina tu la modeli, au ni kiwango cha juu ambacho mashine huweza kukifikia kwa muda mfupi sana. Tafuta kibao cha chuma au stika iliyobandikwa ubavuni mwa jenereta yenyewe. Hapo kwa kawaida utakuta tarakimu mbili za nguvu, na ile ndogo ndiyo yako. Ukiona kVA badala ya kilowati, zidisha kwa 0.8 ili uwe upande wa usalama: mashine ya kVA 3.5 ihesabu kuwa ni ya kilowati 2.8. Kwa kipimo hicho muuzaji wa kwanza huenda alisema kweli, ila usikubali mpaka uone kibao.

Kuhusu woga wa vyombo kuungua, ukubwa peke yake hauvilindi. Kinacholinda ni volti kutulia. Kabla ya kulipa, omba jenereta iwekewe oili na petroli kidogo na kuwashwa mbele yako, kisha uchomeke birika la umeme la wati 2,000 lililojaa maji. Injini itashtuka, mngurumo utashuka kwa nukta moja au mbili, halafu itajikaza na kurudi katika mwendo wake. Fundi uliyekwenda naye aangalie mita: volti zibaki kati ya 220 na 240. Zikishuka hadi 190 na kukaa huko, au injini ikiendelea kupanda na kushuka kama inayotafuta pumzi, iache hapo hapo dukani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo kwa mashine ya bei hiyo amekwisha kukupa jibu. Uliza pia kama koili ni ya shaba au ya alumini. Alumini hupunguza bei na uzito, lakini haivumilii joto la kazi nzito kwa muda mrefu, na mafundi wa kusuka koili hawaipendi.

Sasa gharama ambayo wanunuzi wengi huisahau. Jenereta ya kawaida, isiyo na teknolojia ya inveta (nitaieleza kwenye barua ya ufukweni), huzunguka mara 3,000 kwa dakika muda wote ili itoe umeme wa hezi 50, yaani unaojirudia mara 50 kwa nukta, iwe imebeba mzigo mzito au taa moja. Ndiyo maana mashine kubwa iliyobebeshwa mzigo mdogo hunywa mafuta bure. Kwa wati zako 700, mashine ya kilowati 5 kwa kawaida itamaliza zaidi ya lita moja kwa saa, ilhali ile ya kilowati 2.5 inaweza kuridhika na pungufu ya lita. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita, ingawa EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi. Injini ndogo huhitaji kama nusu lita kutengeneza uniti moja ya umeme ikiwa na mzigo mzuri, yaani shilingi 1,500, wakati uniti hiyo hiyo kwenye LUKU, kwa mteja wa kawaida asiye katika kundi la matumizi madogo, imekuwa ikigharimu kama shilingi 350 pamoja na kodi. Ukiwa na mashine kubwa isiyo na kazi, pengo hilo linazidi kupanuka.

Kwa sababu hiyo usiendeshe jenereta usiku kucha. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kuhifadhi ubaridi kwa siku mbili, iliyojaa nusu kwa siku moja, na jokofu la kawaida kwa saa nne hivi. Yako hufunguliwa kila mteja anapobisha hodi, na Kimara kuna joto, kwa hiyo punguza makadirio hayo. Hata hivyo saa mbili za jioni na saa mbili za alfajiri zinatosha kulinda barafu yako. Pasi, birika na hita ya maji ya kuogea visiguse jenereta hii. Hita ya bafuni ya papo kwa papo peke yake huweza kudai wati 3,500 hadi 5,500.

Tunaiwasha koridoni ili isiibwe

*Tumepanga nyumba isiyo na ua. Tukiacha jenereta nje itaibwa, kwa hiyo mume wangu huiwasha koridoni, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Fundi wa mtaani ametutengenezea pia waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja tunachomeka kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba yote inawaka. Je, kuna ubaya?* (Msomaji, Morogoro)

Dada yangu, zima mashine hiyo usiku huu huu, kisha uendelee kusoma.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani ana malaria, akameza dawa na kujilaza, na kulala ndiyo hatari yenyewe. Mlango mmoja ulio wazi hautoshi, kwa kuwa upepo ukivuma kuingia ndani unausukuma moshi vyumbani badala ya kuutoa. Jenereta iwe nje, kiasi cha mita sita au zaidi kutoka kwenye madirisha na milango, ekzosi ikielekea mbali na nyumba yako na ya jirani. Dirisha la chumba cha watoto wa jirani nalo ni dirisha.

Wizi unazuilika. Zika pete ya nondo katika zege, ufunge jenereta kwa mnyororo mnene na kufuli gumu, na juu yake uweke paa la bati lililo wazi pande zote ili mvua isiifikie na joto lipate pa kutokea. Mkishindwa kabisa kupata mahali pa namna hiyo, basi nyumba yenu si ya jenereta. Uzeni mashine mnunue betri ya kubebeka au inveta yenye betri, ambayo haina moshi na huweza kukaa hata chumbani.

Waya wenye plagi pande zote mbili uharibuni kwa mkasi. Ukichomoka upande wa ukutani wakati jenereta inafanya kazi, meno yake yana volti 230 zilizo wazi, na mtoto ndiye anayeokota waya sakafuni. Zaidi ya hapo, ikiwa swichi kuu haijazimwa, umeme wenu hutoka nje ya nyumba hadi kwenye transfoma, na transfoma ile ile inayoshusha umeme wa volti 11,000 au 33,000 hufanya kazi kinyumenyume na kuupandisha. Fundi aliyepanda nguzo akiamini kuwa laini imezimwa anaweza kuuawa na jenereta iliyo koridoni kwenu. Umeme wa gridi ukirudi ghafla wakati huo, jenereta yenyewe huweza kuungua. Msiseme kuwa mume hukumbuka kuzima swichi kuu kila mara. Usalama wa mtu wa juu ya nguzo hauwezi kutegemea kumbukumbu ya mtu aliyeamshwa usiku na giza.

Njia halali ni swichi ya kubadilisha njia, ile ambayo mafundi huiita chenji ova, ambayo kwa umbile lake hairuhusu gridi na jenereta kukutana. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, naye ashughulikie pia waya wa ardhi wa jenereta, kwa kibali cha mwenye nyumba. Kama hamna uwezo huo kwa sasa, tumieni waya wa kurefusha ulio mnene kutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye jokofu na taa, bila kugusa soketi za ukutani.

Ya kwenda nayo ufukweni

*Sisi ni kikundi cha marafiki wa Moshi. Mara kwa mara tunakwenda Pangani na mahema kwa siku mbili au tatu, na tunataka umeme wa spika, taa, friji ndogo ya gari na kuchaji simu. Tuliazima jenereta ya duka la jirani, ikawa kelele zake zinashinda muziki. Tununue ya aina gani?* (Wana Matembezi, Moshi)

Jumlisheni kwanza: spika wati 50, taa 20, friji ya gari 45. Hata mkiongeza simu za watu wote hamfiki wati 150. Mzigo huo ni mdogo kiasi kwamba jenereta ya duka ilikuwa inapiga kelele kwa kazi ambayo karibu haipo. Kwa safari ya usiku mmoja ningependelea betri ya kubebeka ya lithiamu yenye uwezo wa wati-saa 1,000, ambayo baada ya kupoteza sehemu kidogo katika ugeuzaji itawapa umeme huo kwa saa saba hivi, kimya kabisa, na mchana huweza kuongezwa chaji kwa paneli ya jua inayokunjwa. Ukanda wa Pangani una jua la kutosha kwa kazi hiyo.

Kama ni siku tatu na hamtaki kutegemea mawingu, nunueni jenereta ya inveta. Hii hutengeneza umeme, ikaugeuza kuwa wa mkondo mnyoofu, kisha ikautengeneza upya kwa saketi za kielektroniki uwe laini na wa hezi 50 kamili, kwa hiyo injini haifungwi kwenye mizunguko 3,000: mzigo ukipungua, nayo inapunguza mwendo. Kelele hushuka, mafuta hupungua, na spika zenye umeme nyeti hazingurumi. Mfano wa kupimia ni Honda EU22i, yenye wati 1,800 za kudumu na 2,200 za juu, uzito wa kilo 21 hivi na tanki la lita 3.6, ambayo mtu mmoja anaibeba kwa mkono mmoja kutoka kwenye gari. Bei yake ni kubwa na wengi wenu mtaishia kwenye chapa nyingine, lakini zilinganisheni na tarakimu hizo. Mashine inayodai kutoa wati 3,000 kwa uzito huo huo na theluthi ya bei, itilieni shaka.

Kuna pia kile kijenereta kidogo cha wati 650 ambacho petroli yake huchanganywa na oili, mara nyingi kwa kipimo cha sehemu 50 kwa moja. Ni rahisi na ni chepesi, lakini kina moshi mwingi na sauti kali, na ukisahau oili siku moja tu, injini inakwama. Kwa taa za genge kinafaa. Kwa watu walioendesha gari siku nzima kufuata sauti ya mawimbi, hapana. Na popote mtakapoiweka, isiwe karibu na hema, kwa sababu nilizomwambia dada wa Morogoro.

Nikiwaletea kutoka Marekani?

*Niko Houston. Hapa jenereta zina bei nafuu, na ninataka kumpelekea mama Tabora. Nyingine ni za betri. Naweza kupanda nazo ndege?* (Kijana Wenu, Texas)

Huwezi, na usinunue huko. Jenereta iliyowahi kutiwa petroli hairuhusiwi katika mizigo ya abiria kwa sababu ya mabaki na mvuke wa mafuta, na betri za lithiamu zinazozidi wati-saa 160 nazo zinakatazwa, wakati hizo za kuendesha jokofu huanzia mamia. Hata ukituma kwa meli, Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Jenereta zake za kawaida huzunguka mara 3,600 kwa dakika, na soketi ya volti 240 iliyopo kwenye zile kubwa hupata volti hizo kati ya nyaya mbili za moto, jambo lisilolingana na mfumo wetu wa waya mmoja wa moto na nyutro. Betri za kubebeka za huko nazo kwa kawaida hutoa volti 120. Mtumie mama fedha, anunue Tabora kwenye duka lenye vipuri na fundi anayefahamika.

Kwa wasomaji walio kwingineko: Uingereza, Oman na Falme za Kiarabu zinatumia hezi 50 na volti zinazoendana na zetu, na hata plagi ya meno matatu ya mraba ni ile ile. Angalieni tu kwamba baadhi ya jenereta za Uingereza zilizotengenezwa kwa ajili ya mafundi ujenzi zina soketi za njano za volti 110. Saudi Arabia inatumia hezi 60.

Imekataa kuwaka, na ikiwaka haina nguvu

*Jenereta yangu ya wati 2,500 ilikaa stoo miezi mitano. Sasa navuta kamba mpaka mkono unauma. Hata ilipokuwa mpya haikuwahi kubeba mzigo kama ya ndugu yangu wa Tanga, ambayo ni ya aina hiyo hiyo.* (Mkulima, Njombe)

Petroli iliyokaa miezi mitano huchacha na kuacha utando kwenye vitundu vyembamba vya kabureta. Mwaga mafuta ya zamani, fungua kabureta isafishwe, badilisha au safisha plagi ya injini, weka petroli mpya. Angalia pia oili, kwa kuwa mashine nyingi zina kihisi kinachozuia injini kuwaka oili ikipungua, na mtu anaweza kuvuta kamba siku nzima bila kujua. Siku nyingine kabla ya kuihifadhi funga koki ya mafuta na uiache injini ijizime yenyewe, halafu iwashe kila mwezi kwa dakika kumi na tano ikiwa na mzigo. Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, na baada ya hapo kila saa 100 au kila miezi sita.

Kuhusu nguvu, ndugu yako hajakuzidi ujanja. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa inapungua. Njombe mko juu ya mita 1,800, kwa hiyo zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake imeondoka, na wati 2,500 za kwenye kibao kwako ni kama 2,000 au pungufu kidogo. Fundi anaweza kubadilisha jeti ya kabureta ili mchanganyiko wa mafuta ulingane na hewa ya huko, ukapunguza moshi mweusi na ulaji wa petroli, lakini nguvu iliyopotea haitarudi yote. Ukipata ya kubadilishana, chukua iliyo kubwa kwa hatua moja.